Kisa cha hoteli ya Deira: chumba kilikuwa sawa, pesa ndiyo ilifungiwa

Wahusika

Wafanyabiashara watatu wa Kampala walienda Dubai kununua mzigo, wakalala usiku sita kwenye hoteli ya nyota nne pale Deira, katikati ya soko kabisa. Majina nayaacha, hoteli siitaji, bei nimezizungusha kidogo ili mtu asitambulike, ila mambo yalivyofuatana ni vile vile walivyonisimulia risiti zikiwa mezani. Kazi yangu ni kusaidia watu kupanga safari za namna hii. Hii sikuipanga mimi, nilipigiwa simu ikiwa imeshakwama, ndiyo maana naijua kwa undani.

Wa kwanza tumwite Hajati. Ana duka la nguo za kike na manukato upande wa Kisenyi, Dubai anaijua tangu zamani, anajua nani anauza abaya nzuri na nani anakuwekea mbovu katikati ya bando. Wa pili ni mpwa wake, mtoto wa kaka yake, anauza vifuniko na spea za simu, kila kitu kwake ni "shangazi amesema". Wa tatu ni Mama Pazia, rafiki wa Hajati mwenye duka Arua, anauza mapazia na mashuka, na ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege.

Shikeni jambo moja hapa maana ndilo litaendesha kisa chote. Hajati na mpwa wake walibeba dola taslimu. Mama Pazia, kwa kuwa watoto wake walimwambia usitembee na pesa mama utaibiwa, aliweka mtaji kwenye akaunti ya dola akapewa kadi ya debiti, humo mlikuwa na dola kama 3,000, na mkononi akabeba dola 300 tu za chakula na mambo madogo madogo.

Kwanini walichagua hoteli ya katikati

Zamani Hajati alikuwa analala mtaa wa Naif kwenye vile vyumba vya kukodi kitanda, mnakuwa watu sita au nane ndani, choo kimoja, mzigo unalala chini ya kitanda na wewe unalala jicho moja wazi. Ni rahisi kweli, lakini anasema alikuwa anarudi Kampala mgonjwa, na safari moja mwenzao alipotelewa na pochi chumbani hakuna aliyekiri. Safari hii na mgeni kama Mama Pazia akakataa kabisa.

Kulikuwa na mapendekezo matatu mezani. Mpwa alitaka hoteli upande wa Burj Khalifa, kijana ameona picha, anataka kuamka aone lile jengo la mita 828. Rafiki yao mwingine akawaambia walale Sharjah, mji wa jirani, maana vyumba ni nusu ya bei. Hajati akasema Deira, karibu na Baniyas Square, mtu unatoka mlangoni unatembea kwa miguu mpaka soko la Murshid Bazaar.

La mpwa lilikufa haraka, wao hawakuenda kutalii. La Sharjah ndilo lilibishaniwa siku mbili kwenye WhatsApp, kwa sababu kwa namba tupu lilikuwa linashinda. Sharjah chumba walipata kwa dirham kama 140 kila kitu ndani, Deira kwenye ukurasa wa kubuku ilionyesha 260 kabla ya makato. Hajati akawajibu kwa hoja moja ambayo mimi naona ndiyo ilikuwa akili ya safari nzima, na nataka niieleze vizuri.

Maduka ya soko la zamani la Deira hayafungui kutwa nzima kama soko letu la Kikuubo, Kampala. Mengi yanafungua asubuhi kama saa nne, ikifika saa saba mchana yanafunga, yanafungua tena saa kumi jioni mpaka usiku saa nne hivi. Na siku ya Ijumaa asubuhi ndiyo hata usihesabu, mengine hayafungui mpaka baada ya swala. Sasa wewe unayelala Sharjah, saa saba soko limefunga, msimu wa joto jua la kule linapiga nyuzi arobaini na kitu, utaenda wapi? Ukirudi Sharjah unakula foleni, ukibaki unakaa kwenye duka la chai masaa matatu na mifuko miguuni, ikifika saa kumi umeshachoka hata kubishana bei huwezi. Aliyelala Deira anapanda chumbani, anaoga, anaswali, anajinyoosha, saa kumi yuko sokoni na nguvu mpya. Kwa mfanyabiashara hiyo ni kama siku mbili ndani ya siku moja.

Wakakubaliana Deira. Vyumba viwili, Hajati na Mama Pazia chumba kimoja cha vitanda viwili, mpwa chake peke yake. Chumba kimoja cha watu watatu kingepunguza gharama lakini yule kijana kwa Mama Pazia si mahramu, jambo hilo halikujadiliwa hata dakika moja, na ni sawa.

Mpwa akabuku kwa simu, njia ya kulipa hotelini ukifika. Wakaona wamemaliza.

Kufika

Ndege ilitua alfajiri, Terminal 2. Hapo pana kitu ambacho wageni wengi hawakijui, metro ya Dubai inapita Terminal 1 na 3 tu, Terminal 2 hakuna, kwa hiyo waliokuwa wamepanga kuokoa nauli wakajikuta kwenye teksi, na teksi ya pale uwanjani mita inaanzia dirham 25 kabla hata gari haijasogea. Si pesa ya kuua mtu, watatu wakagawana, wakafika hotelini mapema sana asubuhi.

Chumba mpaka saa nane mchana. Ndivyo hoteli karibu zote zinavyofanya, saa nane au saa tisa, na ukitaka kuingia mapema unaongezewa nusu siku. Hajati alikuwa anajua, akakataa kuongeza, akaomba mabegi yahifadhiwe, wakapewa vitiketi vya mabegi bila kulipa chochote, wakanawa, wakaswali, wakaketi kwenye ukumbi wa chini mpaka maduka yakafungua. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza ambayo wengine wanaipoteza kitandani wao walikuwa wameshaanza kuuliza bei.

Saa nane wakarudi kuandikishwa. Pasipoti za wote watatu zikaskaniwa, kule kila anayelala lazima ajulikane kwa kitambulisho, hakuna kumpenyeza mtu. Halafu mdada wa risepsheni akasema anahitaji kadi. Hajati akatoa dola, mdada akasema taslimu inawezekana lakini kadi ni rahisi zaidi, na Mama Pazia, ambaye alitaka kuonekana naye ana mchango, akasema mimi ninayo kadi chukueni. Ikaingizwa kwenye mashine, akabonyeza namba ya siri, akatia sahihi kwenye karatasi mbili, wakapewa funguo za kadi na maji ya chupa, wakapanda.

Nimeziona zile karatasi mbili. Ya kwanza ni fomu ya kujiandikisha, Kiarabu upande mmoja Kiingereza upande mwingine, na chini kabisa, herufi ndogo, imeandikwa kwamba mgeni anakubali dipoziti ya dirham 200 kwa chumba kwa usiku mmoja. Ya pili ni kile kikaratasi cha mashine ya kadi, na juu yake hakijaandikwa SALE, kimeandikwa PRE-AUTH, yaani pesa imezuiwa kwanza haijalipwa, halafu namba ya idhini, halafu kiasi: 6,410.

Dirham elfu sita na mia nne na kumi, mtu ametia sahihi akiwa anafikiria kuoga.

Namba hiyo ilitoka wapi

Ngoja niivunje maana hapa ndipo watu wanalia. Vyumba viwili kwa usiku sita ni mara kumi na mbili, ukizidisha na 260 unapata 3,120. Juu yake Dubai kuna huduma asilimia 10, ada ya manispaa asilimia 7, na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 5, jumla ikasogea karibu 3,830. Halafu kuna ile Tourism Dirham, ipo tangu 2014, inalipwa kwa kila chumba kila usiku kulingana na nyota za hoteli, nyota nne ni dirham 15, kwa hiyo 180 nyingine. Hiyo ni 4,010, bei halisi ya malazi. Kisha dipoziti 200 mara kumi na mbili, 2,400. Hapo ndipo 6,410 inatokea.

Dirham imefungwa na dola kwa 3.6725 tangu 1997, haichezi, kwa hiyo hesabu ni rahisi: dola kama 1,745. Kwenye kadi yenye 3,000 kulibaki kama 1,255.

Na hakuna aliyejua. Benki ilituma meseji saa ile ile, lakini laini ya Mama Pazia ya Uganda alikuwa ameizima roaming, yaani isifanye kazi nje ya nchi, kwa kuogopa gharama, anatumia WhatsApp ya waifai tu, kwa hiyo meseji ilimsubiri huko hewani.

Kadi ilipokataa

Siku ya pili jioni, Murshid. Mama Pazia amepata mapazia aliyokuwa anayaota, kitambaa kizito, kinaning'inia vizuri, na muuzaji amemshushia bei mpaka dirham 5,200 kwa mzigo wote. Akatoa kadi. Mashine ikakataa. Muuzaji akajaribu tena, ikakataa tena. Yule mzee wa duka hakuwa na ubaya, akamwambia niachie kidogo nikushikie mzigo mpaka kesho usiku. Mama Pazia akaacha dirham 500 kutoka kwenye zile dola zake za chakula alizobadilisha, akatoka pale miguu haina nguvu.

"Dada Hajati, wameniibia," ndiyo maneno yake ya kwanza alipofika chumbani. "Kadi imekataa mara mbili mbele za watu."

"Wamekuibia nani? Si uliweka elfu tatu?"

"Niliweka. Sijanunua hata leso."

Mpwa akaingia kwenye aplikesheni ya benki kwa simu yake, akaona salio linalotumika ni 1,255. Hajati akashuka risepsheni amefunga mtandio kwa nguvu. Na hapa Mungu akawasaidia, kwenye kaunta ya usiku alikuwepo kijana wa pwani ya Kenya.

"Shikamoo Hajati."

"Marahaba. Mwanangu, mbona mmekula pesa ya huyu mama?"

"Haijaliwa mama. Imezuiwa. Pesa bado iko benki kwenu Uganda, sisi tunayo ahadi tu kwamba ipo. Hebu nionyesheni ile karatasi ndogo."

Wakati huo ndipo walinipigia simu mimi, kwa waifai ya hoteli, saa ya usiku, nikawa nasikiliza upande wa pili na kuuliza maswali.

Maamuzi ya usiku ule

Wazo la kwanza la Hajati lilikuwa la ukarimu na lilikuwa baya. Akasema, mimi ninazo dola, ngoja nilipe hoteli yote taslimu sasa hivi, mfute kile mlichozuia kwenye kadi yake. Unaliona kama suluhisho, sivyo? Lakini kufuta kwa upande wa hoteli si kurudi kwa pesa. Hoteli ikishaachia, benki ya mwenye kadi ndiyo inaamua lini itafungua, na kwa kadi ya debiti inaweza kuchukua wiki moja, mbili, hata mwezi. Kwa hiyo Hajati angekuwa ametoa dola elfu moja na tisini za mtaji wake, na za Mama Pazia 1,745 bado zimefungwa. Pesa mbili kwa kitanda kimoja, na mapazia bado yako kwa mzee.

Yule kijana wa kaunta akaliona, nami nikalisisitiza. Tukageuza mambo. Kama pesa ya kadi imeshafungwa, basi itumike hiyo hiyo. Hoteli ichukue malazi yote, 4,010, kutoka kwenye kile kiasi kilichozuiwa, iwe malipo kamili. Halafu Hajati ampe Mama Pazia taslimu sehemu yake yeye Hajati na ya mpwa: chumba cha mpwa 2,005 na nusu ya chumba cha akina mama, kama 1,002, jumla dirham 3,007 mkononi usiku ule ule. Kwa njia hiyo pesa ya Mama Pazia iliyokuwa imekwama inageuka noti, na Hajati hajatoa hata senti zaidi ya alichokuwa anadaiwa.

Ilibaki ile dipoziti ya 2,400. Meneja wa zamu akaitwa, akasikiliza, akakubali kupokea dirham 500 taslimu kwa vyumba vyote viwili badala yake, na kuandika barua ya kuachia kwenda benki, yenye namba ya idhini, tarehe, kiasi na tarakimu nne za mwisho za kadi. Hajati ndiye aliyezitoa zile 500, akapewa risiti yenye muhuri. Mama Pazia akaombwa asiitegemee 2,400 kwa safari hii, aione kama haipo.

Kesho yake jioni akarudi Murshid, akalipa zilizobaki, 4,700, nyingine kwa noti nyingine kwa kadi, na mara hii mashine ikapitisha.

Siku zilizobaki na kuondoka

Baada ya hapo safari ilitulia. Walishuka kwenye chai ya asubuhi ya hoteli, wakala vizuri maana ilikuwa ndani ya bei, mayai, maharage, mikate, matunda, mchana wakatafuta chochote chepesi, usiku chakula cha Kihindi au Kipakistani mitaa ya nyuma ambako mtu anashiba kwa pesa kidogo. Siku moja wakavuka ule mkono wa bahari, Dubai Creek, kwa abra, ile boti ya dirham moja, wakaenda Bur Dubai kuangalia vitambaa upande wa pili wakarudi. Mpwa alipanda metro kutoka kituo cha Union akaenda kuliona jengo lake, akapiga picha, akarudi, roho yake ikatulia.

Kulitokea kamgogoro ka siku ya nne. Rafiki wa mpwa anayefanya kazi Sharjah alikuja kumtembelea akataka kulala, kitanda kikubwa, nani atajua. Risepsheni ikajua. Wakamwambia aandikishwe na alipe kama mgeni wa pili au aondoke. Akaondoka. Mpwa alikasirika ila shangazi yake alimaliza maneno.

Mzigo haukuingia hotelini kabisa. Hili Hajati alilipanga tangu Kampala: watu wa kargo wanapita dukani kwenyewe kuchukua mabando, wanapima, wanaandika, la haraka linaenda kwa ndege kwa kilo, la uzito kama mapazia linaenda kwa meli mpaka Mombasa halafu barabara mpaka Malaba na Kampala. Hoteli ya nyota nne haitaki kuona magunia kwenye lifti, na ukijaribu mnaanza kugombana na kila mtu.

Siku ya mwisho kutoka chumbani ni saa sita mchana na ndege yao ilikuwa usiku. Wakaachia chumba cha mpwa, cha akina mama wakakiongeza mpaka jioni kwa nusu ya bei, wote wakakitumia kwa zamu kuoga na kuswali, na kupima mabegi kwa mizani ndogo ya mkono, hii ya kuning'iniza. Begi la Mama Pazia lilizidi, wakatoa mashuka manne wakayapeleka kwa mpwa. Pale uwanjani hawakulipa kilo hata moja ya ziada.

Matokeo

Mapazia yalifika Arua na yameuzwa. Dipoziti ya 500 ilirudi taslimu wakati wa kutoka, wakikatwa soda moja ya kwenye friji ya chumba cha mpwa. Ile 2,400 iliyokwama kwenye kadi ilikaa wiki mbili na siku kadhaa baada ya kurudi. Mwanzo benki ilimwambia mama subiri itajiachia yenyewe, alipopeleka ile barua ya hoteli yenye namba ya idhini wakashughulikia, ikafunguka. Akaunti yake ilikuwa ya dola kwa hiyo kilichorudi ndicho kilichozuiwa. Angekuwa na akaunti ya shilingi angeweza kula hasara ya kubadilisha kwenda na kurudi.

Uchambuzi: je, hoteli ya katikati ilistahili?

Hajati anasema iliwaokolea pesa. Namheshimu sana lakini hapo sikubaliani naye, na nimemwambia. Ukipiga hesabu, Deira ilikuwa dirham 334 kwa chumba kila kitu ndani, Sharjah 140. Kwa vyumba viwili tofauti ni 388 kwa siku. Teksi za Sharjah kwenda na kurudi, hata ukiziweka ghali, hazifiki hapo. Kwa pesa tupu Sharjah ingekuwa nafuu.

Walichonunua ni jioni. Mama Pazia alipata mzee wa mapazia kwenye awamu ya jioni, baada ya kuoga na kulala saa moja, akiwa ameshazunguka maduka mengine asubuhi na bei anazo kichwani. Na kadi ilipokataa alitembea kwa miguu dakika chache mpaka hotelini, kesho yake akarudi kwa miguu kulipa. Fikiria angekuwa Sharjah na mzigo umeshikiwa mpaka kesho usiku, foleni ile ya jioni. Kwa mtu mwenye siku sita na maduka thelathini ya kupita, mimi ningelipa ile tofauti. Kwa mtu anayeenda kuchukua mzigo alioshaagiza kwa simu, asaini tu aondoke, nisingelipa.

Na kuna jambo la Mama Pazia mwenyewe. Mama wa umri ule, safari ya kwanza, usiku wa hofu kama ule, alikuwa na kitanda kizuri, mlango unaofungwa, na mtu kaunta saa ishirini na nne ambaye anaweza kuulizwa. Kwenye kitanda cha kukodi Naif, saa nne usiku, angemuuliza nani? Hiki huwezi kukiandika kwenye hesabu ya dirham lakini naona ndicho kilifanya safari isivunjike.

Uchambuzi: palipoharibika

Palipoharibika ni mahali pamoja tu. Walibishania bei ya chumba siku mbili nzima kwa WhatsApp, na hakuna aliyeuliza hoteli itashika pesa kiasi gani siku ya kwanza. Hoteli haikudanganya, iliandika kwenye fomu. Ila mtu anayeishi kwa mtaji wa kuzunguka, pesa iliyozuiwa wiki tatu inamuuma sawa na pesa iliyolipwa, hata zaidi, kwa sababu hakuipangia.

Kadi ya debiti ndiyo iliyozidisha tatizo. Mwenye kadi ya mkopo akizuiwa, kinachoshikwa ni nafasi ya kukopa, mtaji wake haujaguswa. Mwenye debiti inashikwa pesa yake yenyewe. Wengi wetu Uganda tunatembea na debiti. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wafanyabiashara ni kwamba kadi yenye mtaji isiguse kaunta ya hoteli kabisa. Tenga kadi nyingine yenye pesa ya malazi tu, au toa dipoziti taslimu na udai risiti yenye muhuri. Hoteli nyingi za Deira zimezoea wafanyabiashara wa Afrika na zinapokea taslimu ukiomba kabla hujachomeka kadi, ukishachomeka umechelewa.

Roaming nayo. Kuzima kila kitu ni kuokoa shilingi chache na kupoteza macho. Angeiacha laini ipokee meseji tu, data ikiwa imezimwa, angejua ndani ya dakika moja, akiwa bado amesimama mbele ya mdada wa risepsheni, na kurekebisha pale pale ni rahisi kuliko kurekebisha kesho yake usiku.

Kilichowaokoa ni mambo mawili, kwanza hawakutupa vile vikaratasi, bila namba ya idhini ile barua isingekuwa na maana kwa benki, na pili Hajati alikubali kusikiliza kabla hajalipa. Mkono ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba.

Safari iliyofuata

Mama Pazia ameshaamua kurudi, hoteli ile ile. Mara hii mpwa aliandikia hoteli kabla ya kubuku, barua fupi ya maswali: jumla ya malazi na ada zote ni ngapi, Tourism Dirham imo au haimo, dipoziti ni kiasi gani kwa chumba, mnapokea taslimu, na mkizuia kwenye kadi mnaachia siku gani. Walijibiwa siku ya pili, dirham 500 taslimu kwa vyumba viwili inakubalika, jibu limechapishwa na limewekwa kwenye bahasha ya pasipoti. Mama Pazia aliongeza ombi lake moja mwishoni, chumba kisichotazama barabara, maana Deira usiku hailali.